Hukumu Yangu juu ya Papa Masizi wa Sita

Walisema sitafika Noeli. Walisema nitauza deki yangu ya video kwa mchuuzi wa Kambove, nitavua viatu vyangu vya Ulaya, kisha nitapanga foleni mbele ya ofisi ya kampuni ya migodi kuomba kazi kama kila kijana wa mtaa wetu. Mzee wa duka la kona, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka mashariki, alilisema jambo hilo mbele ya wateja wake, nami nimesimama palepale na mche wa sabuni mkononi.

"Ile nyumba ilimumeza mujomba," alisema. "Na yeye itamumeza. Banafanana mpaka masikio."

Wateja wakacheka. Nililipa sabuni yangu nikatoka polepole, kwa sababu mtu mwenye diploma hakimbii.

Na diploma nilikuwa nayo: ufundi wa sauti na picha, kutoka Ubelgiji. Haikulipiwa na serikali, wala kampuni, wala misheni. Mchana nilikaa darasani, jioni niliosha masufuria ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake. Katika mtaa wetu wa Likasi hakuna aliyewahi kwenda mbali hivyo kwa mikono yake mwenyewe na kurudi na karatasi ya namna hiyo. Niliposhuka kwenye treni nilikuwa nimevaa tai. Miaka hiyo tai ilikuwa marufuku kwetu, na mtu wa chama akanijia mbio kituoni: "Citoyen, mwananchi, hii kamba ya shingo ni ya nini?" Nikaivua nikaitia mfukoni. Diploma aliisoma yote, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kila mtu alitegemea niende kwenye kampuni. Kampuni ndiyo iliyotoa nyumba, unga, shule na hospitali. Kuikataa kulikuwa kama kukataa sahani mezani kwa wakwe. Lakini mimi sikusomea picha ili nikasome mishale ya mitambo. Nilikuwa nimeona jambo ambalo wengine hawakuliona. Marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, aliacha nyumba aliyokuwa akiokea mikate. Unga ulipoadimika tanuri lilipoa, halafu naye akaugua akafa, na tangu hapo mlango ulifungwa. Ndani, kuta zilikuwa nyeusi tititi kwa moshi wa miaka. Watu waliona uchafu. Mimi niliona ukumbi wa sinema ambao hauhitaji rangi, kwa maana ukuta mweusi haurudishi mwanga, na picha inakaa mahali pake.

Wenye mashaka walikuwa na sababu moja zaidi, na hiyo sikuweza kuicheka. Kwa watu wa upande wa mama yangu, mtu akifa jina lake halizikwi naye. Baada ya kilio wazee huchagua mpwa, humpaka unga mweupe kifuani, humnywesha maji, kisha humfunga mshipi wa marehemu. Huko ndiko kupyana. Mjomba alipokufa mimi nilikuwa bado navaa kaptula ya shule, na mshipi wake ulinizunguka kiuno mara mbili. Tangu siku hiyo mama yangu mzazi huniita "yaya", kaka mkubwa, kwa kuwa nimekaa mahali pa kaka yake. Kwa hiyo waliponiona nafungua ule mlango, hawakuona msomi aliyerudi. Walimwona mwoka mikate anaanza tena mambo yake.

Deki tu ndiyo ilikuwa mali yangu. Vilivyobaki viliazimwa. Mabenchi yalitoka parokiani, baada ya mimi kuvitengeneza vipaza sauti vya kanisa vilivyokuwa vikinguruma kama nyuki. Pazia la mlangoni lilikuwa vitenge vya akina mama wa kikundi cha mama yangu, vilivyoshonwa pamoja, na kila mama alikuja kuhakikisha kuwa chake kimekaa mahali panapoonekana. Televisheni ilitoka kwa yuleyule mzee wa duka. Ilikuwa inamvutia watu wanaotazama bila kununua, na mama alikwenda kumwomba mara nyingi mpaka mzee akachoka kukataa.

"Chukua," aliniambia. "Lakini siku watu wakikimbia, inarudi kwangu siku ileile. Mujomba yako aliniazimaka mizani ya kupimia unga. Sikuionaka tena mpaka leo."

Mizani hiyo niliijua kwa habari tu. Ilipotea wakati wa kilio, nyumba ilipojaa ndugu wa mbali, na hakuna aliyewahi kusema nani aliibeba.

Nilifungua. Noeli ikafika, ikapita. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya mdomo wa tanuri. Siri yangu haikuwa filamu zenyewe, maana kanda zilikuwa zikiingia mjini kwa malori na kila mtu angeweza kuzipata. Siri ilikuwa hukumu. Kabla mtu hajalipa, nilisimama mlangoni juu ya kreti ya bia, nikasema wazi filamu ya leo ni ya namna gani: nini kizuri, nini kibovu, nani wa kuingia, nani abaki nyumbani. Kama ni mbaya nilisema ni mbaya. Filamu ikianza, nilisimama kando ya televisheni na kipaza sauti nikaifasiri kwa Kiswahili, kwa kuwa wahusika walisema Kiingereza na watu wetu walisema kila kitu isipokuwa hicho. Diploma ilining'inia ukutani ndani ya fremu, nyuma ya kichwa changu. Watu walisema, "Huyu hadanganyi, karatasi yake inamuchunga."

Filamu iliyotulisha sote ilikuwa ya muuaji mmoja wa nchi za baridi, msafisha mabomba ya moshi, uso mweusi kwa masizi, mkononi fimbo ndefu ya chuma yenye ndoano. Hakusema neno hata moja katika filamu zote. Jina lake la kizungu halikutamkika. Sisi tulimwita Papa Masizi. Ya kwanza inatisha kwa sababu humwoni: unaona alama za vidole vyeusi kwenye shuka nyeupe, basi, hutalala. Ya pili ni bora kuliko ya kwanza, nami nitalitetea hilo mbele ya yeyote, kwa kuwa ndiyo inayotuonyesha nyumba aliyozaliwa. Ya tatu ni ya pili iliyooshwa kwa maji mengi. Ya nne walimpeleka mjini kwenye taa, na muuaji wa masizi kwenye taa ni mtu mchafu tu. Ya tano ikaokoa heshima: mwishoni anatumbukia ndani ya tanuri la chokaa, na tanuri linafungwa.

Siku ya filamu hiyo ya tano ndipo nilipojiingiza mtegoni. Kulikuwa na mtani wangu mmoja, mfanyakazi wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe, aliyekuja sinema moja kwa moja kutoka kazini, nyusi nyeupe kama za babu. Watu wake na watu wa mama yangu ni watani wa zamani. Anaweza kunitukana hadharani, nami nikikasirika, mimi ndiye mwenye kosa. Filamu ilipokwisha alisimama juu ya benchi la kanisa na viatu vyake.

"Weye musomi! Huyu muntu amekufa?"

"Amekufa."

"Amekufa kufa, ao amekufa ya sinema? Juu ya sinema banakufaka Jumapili, Jumatatu banatembea."

"Weye unafanya kazi Kakontwe," nikamjibu. "Uwaambie wenzako. Muntu akiingia mu tanuri ya chokaa, anatoka?"

Alikuna nyusi zake, vumbi likadondoka. "Hapana. Hata kifungo ya shati haitoke."

"Basi amekufa. Na Papa Masizi akirudi, nitapasula diplome yangu hapa, mbele yenu."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na hakika, na kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Wakapiga makofi. Na kwa kuwa mazishi ndiyo uwanja wa watani, Jumamosi iliyofuata mtani wangu akamfanyia Papa Masizi kilio, mchana kweupe, mbele ya ukumbi wangu. Waliwasha moto, wanaume wakacheza karata, akina mama wakalia machozi ya kucheka: "Papa weee, nani atatusafishia bomba ya jikoni!" Mtani alijipaka masizi akalala juu ya mkeka kama maiti, akawa anafumbua jicho moja kila bia ilipopita. Likasi haijawahi kumzika mzungu kwa furaha kiasi hicho.

Kisha dereva wa lori aliyekuwa akiniletea kanda kutoka mpakani mwa Zambia akasimama sokoni asubuhi moja, akapunga kanda dirishani. Sehemu ya sita. Kwenye boksi palikuwa na ule uso mweusi, na ile ndoano, na macho mawili yakimtazama kila aliyekuwa akinunua dagaa. Kabla sijalifikia lori, mtani wangu alikuwa ameliona boksi, naye hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni.

"Amefufuka!" alipaza sauti katikati ya soko. "Bandugu, maiti yetu imefufuka! Jumapili diplome inapasuka! Aliyekunywaka bia ya kilio airudishe!"

Mtu mmoja akasema wanipeleke Buluo, kwenye gereza, kwa kosa la kumzika mtu aliye hai. Walicheka, lakini niliwajua watu wetu. Mji mzima ulikuja kwangu kwa sababu ya neno langu. Neno likivunjika, ukumbi ni kuta nyeusi tu. Nilipopita kwenye kona, mzee wa duka alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nimesikia," alisema. "Jumatatu nitatuma muntu kuchukua televisheni."

"Subiri kwanza Jumapili, mzee."

"Mujomba yako pia alikuwa anapendaka kusema subiri."

Asubuhi iliyofuata nilijifungia ukumbini kuitazama filamu peke yangu, kama nilivyofanya kwa kila filamu. Peke yangu, isipokuwa mama. Alikataa kubaki nje. Aliingia na ungo wa karanga, akakaa benchi la mbele, akaanza kubambua.

"Mama, hii filamu itakutisha."

"Yaya, nimekaa hospitali na wewe siku unazaliwa. Weka filme."

Nikaweka. Theluji, nyumba ileile ya sehemu ya pili, na mgongo mpana mweusi unaingia mlangoni na ndoano. Ni yeye. Nilisimamisha kanda nikaitazama diploma ukutani. Nitakiri kuwa nilifikiri juu ya sumaku. Mtu wa kazi yangu anajua kwamba sumaku nzuri ikipitishwa juu ya kanda, hakuna tena filamu, na hakuna atakayejua. Sumaku ilikuwa pale kwenye droo, kutoka kwenye kipaza sauti kilichokufa.

"Mbona umesimamisha?" mama akauliza. "Mikono yangu bado ina kazi."

Nikaiachia iendelee. Na hapo ndipo masomo yangu yalipolipa, kwa maana jicho nililofundishwa halitazami kinachotisha, linatazama picha. Niliona ndoano iko mkono wa kushoto. Papa Masizi, kwa filamu tano, aliua kwa mkono wa kulia. Nikarudisha nyuma. Kushoto tena. Hatua zake fupi. Mabega yake mapana kwa sababu koti ni la mtu mwingine. Nikaacha kuogopa nikaanza kufanya kazi.

Kisha ikaja sehemu niliyoisubiri bila kujua naisubiri. Mwanamke mzee, jikoni, anamwita kijana mwembamba. Anachota masizi ndani ya jiko, anampaka kwenye paji la uso na mashavuni. Anafungua sanduku, anatoa mshipi wa ngozi wenye pete ya chuma, ule ambao Papa Masizi aliuvaa siku zote, anamfunga kiunoni. Mshipi ni mkubwa. Unamzunguka mara mbili. Na yule mama anasema, kwa Kiingereza ambacho mimi nilikielewa neno kwa neno: ndugu yangu amekufa, wewe ni mwanangu, sasa utakaa mahali pake.

Nilijikuta nimeshika kiuno changu.

"Mama," nilisema, "huyu mwanamke ni dada ya marehemu. Na huyu ni mtoto wake."

Mama aliacha kubambua. Alitazama mshipi ule, akanitazama mimi, karanga moja bado katikati ya vidole.

"Banamupyanisha mujomba wake," alisema taratibu. "Kumbe na bazungu?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Si kwamba kulikuwa na kichekesho. Papa Masizi alikuwa amekufa kweli. Nilikuwa nimesema kweli. Tukaimaliza filamu yote, mama na mimi, na karanga tukazila zikiwa mbichi.

Jumapili baada ya misa ya pili watu walijaa mpaka barabarani. Wengine walikuwa bado na nguo za kanisani. Mzee wa duka alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka kando, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Mtani wangu alikuwa ameleta mkasi mkubwa wa fundi cherehani. "Diplome! Diplome!" waliimba. Nilikuwa nimeishusha ukutani. Nikapanda juu ya kreti nikiwa nimeibeba kifuani, ili waione vizuri.

"Kwanza hukumu," nikasema. "Ndio sheria ya nyumba hii."

Wakanyamaza, maana sheria waliipenda.

Niliwaambia kuwa ya sita ni chini ya ya pili, lakini iko juu ya zile nyingine zote. Katikati ni ndefu mno. Kuna vijana wanaoteremka kwenye ghala la chini mmoja mmoja bila sababu, kama kuku wanaoingia kwenye kikapu, na mtu mwenye njaa anaweza kwenda kununua mandazi bila kupoteza kitu. Muziki unapiga kelele kabla ya jambo kutokea, na hiyo ni dharau kwa mtazamaji. Lakini ina kitu ambacho sijawahi kukiona katika filamu ya namna hiyo: muuaji ambaye hajui kazi. Mara ya kwanza ndoano inamponyoka. Anaogopa kuliko anayemwinda. Unamwona anajifunza, na kila anapojua zaidi, wewe unazidi kuogopa, kwa sababu ulimwona akiwa bado mtu. Wenye mimba wasiingie. Mwisho siwaambii.

"Na Papa Masizi?" mtani akapiga kelele, mkasi juu. "Amerudi ao hakurudi?"

"Hakurudi. Kakontwe walisema kweli, na mimi nilisema kweli. Huyu wa sita ni mpwa wake. Dada ya marehemu amemfunga mshipi. Mutaona kwa macho yenu: ni mukono wa kushoto. Sasa niambieni ninyi muliozika na muliopyana. Muntu akikufa, mupwa akifungwa mushipi, ule wa kaburi amefufuka?"

Kukawa na kelele ya namna nyingine. Akina mama waligeukiana. Mmoja akasema, "Hapana, hajafufuka, lakini jina iko." Mwingine akasema mdogo wake alipyana babu, na mpaka leo bibi humwita "mume wangu" na kumnyima pesa. Nilidhani nimeshinda. Lakini mtani ni mtani. Alishusha mkasi akatabasamu, meno yakaonekana kati ya vumbi.

"Ngoja. Weye ulipyana mujomba yako wa mikate. Mama yako anakuitaka yaya. Kama mupyani ni yeye yule, basi Papa Masizi amerudi, tupasule. Kama mupyani si yeye, basi weye si mujomba, na hii nyumba si yako, utoke. Chagua!"

Watu walilipuka kwa kicheko. Lilikuwa swali zuri, nasema leo kwa haki. Na kabla sijafungua mdomo, sauti kavu ikatoka pale kwenye kiti karibu na mlango.

"Kama ni yeye," alisema mzee wa duka, "mizani yangu iko wapi?"

Hapo hawakucheka sana. Wengi walimkumbuka mjomba, na waliikumbuka ile mizani ya shaba. Niliitazama diploma mikononi mwangu. Hakuna darasa walilonifundisha jibu hilo, lakini jibu nilikuwa nalo, kwa maana nilikuwa nimelivaa kiunoni tangu nikiwa na kaptula.

"Mupyani anachukua jina," nikasema. "Anachukua nyumba. Na anachukua deni. Kitu kimoja tu hakichukui: kifo ya mwenzake. Kile kinabaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo Papa Masizi amekufa, na huyu kijana mutamuhukumu kwa kazi yake mwenyewe. Na mimi vilevile. Mzee, mizani yako nitailipa mimi. Ile ya shaba. Muko mashahidi."

Halafu mama mmoja wa kikundi cha vitenge akasema, "Amejibu." Mwingine akaitikia, "Amejibu." Mtani wangu alimtazama mzee wa duka, akanitazama mimi, akafunga mkasi wake.

"Bon," alisema. "Diplome ibaki ukutani. Lakini bia ya kilio siirudishe."

Wakaingia wote. Niliifasiri filamu ile kama sijawahi kufasiri, na ndoano ilipotokea mkono wa kushoto, ukumbi mzima ulipaza sauti, "Mupwaaa!" Mzee wa duka aliingiza kiti chake ndani. Jumatatu hakuna aliyetumwa kuchukua televisheni. Sehemu ya sita ilijaa kwa muda mrefu kuliko filamu yoyote niliyowahi kuonyesha; walikuja mpaka watu wa Kambove, wengine wakitaka tu kuona sehemu ya mshipi, wanatoka wakibishana juu ya nani angestahili zaidi kupyana.

Neno nililolisema juu ya kreti sikuliacha lilale. Nilipata televisheni yangu, kubwa kuliko ile ya kuazima. Niliagiza mabenchi kwa seremala. Mizani ndiyo ilinisumbua. Ya mjomba haikuonekana, na mizani ya shaba ya namna ile haikuuzwa tena popote Likasi. Niliitafuta mpaka dereva wa lori akaikuta kwa muuza samaki aliyefunga kazi upande wa mpakani, sahani zake mbili na mawe yake yote kamili. Niliisugua kwa ndimu na majivu mpaka ikang'aa kama kikombe cha altare.

Siku niliyowalipa wote nilikodi mkokoteni asubuhi, nikausukuma mwenyewe. Watu walitaka kunisaidia, nikakataa. Nilitaka mtaa mzima uone ni nani anasukuma. Mabenchi yalirudi parokiani, miguu imekazwa misumari mipya. Padri aliyapapasa akasema yamerudi mazima kuliko yalivyoondoka, na ilikuwa kweli. Vitenge vilifuliwa, vikafumuliwa, kila mama akapewa chake kimepigwa pasi. Wakapiga vigelegele, mama yangu akijifanya anatazama pembeni. Mwisho nikafika kona, televisheni ya mzee mbele, na mizani juu yake imefunikwa taulo.

Alishusha televisheni. Nikafunua taulo.

Aliichukua ile mizani. Aliiweka juu ya meza yake, akatia jiwe la kilo upande huu na kilo ya sukari upande ule, akainama jicho likiwa sawa na mshale. Mshale uliyumba, ukatulia katikati.

"Si ileile," alisema.

"Si ileile," nikajibu. "Lakini inapima."

Alitikisa kichwa, akainua macho juu kama mtu anayemwambia jambo mwingine asiyekuwapo.

"Basi, mujomba yako amelipa."

"Minye njo nimelipa, mimi mwenyewe," nikasema, kwa sauti, ili wateja wote wasikie.

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi. "Ni vilevile, yaya," alisema. "Ni vilevile."

Nikageuza mkokoteni. Ulikuwa mtupu, na magurudumu yake yalipiga kelele njia nzima mpaka nyumbani, kwa maana hapakuwa tena na kitu cha mtu yeyote juu yake.